Kufuga Nyuki Katika Nchi ya Uha: Mambo ya Mwaka wa Kwanza

Wasomaji wetu kadha wa kadha wa Kasulu na Kibondo, na hasa walimu wa shule, wametuuliza swali moja: mtu ambaye hajapata kuwa na mzinga hata mmoja, naye ataka kufuga nyuki, afanye nini katika mwaka wake wa kwanza, na atazamie asali kiasi gani? Swali hili ni jema, maana nchi yetu ni nchi ya nyuki tangu zamani, na wako wazee wengi waijuao kazi hii kuliko sisi tuandikao. Walakini mzee ajuaye kazi kwa mikono yake aghalabu haoni haja ya kumweleza kijana sababu ya kila jambo, na kijana asiyeelezwa sababu hufuata nusu na kuacha nusu. Kwa hiyo twataka kueleza hapa sababu pamoja na kazi yenyewe.

Tuanze na jibu la swali la pili, kwa kuwa ndilo liwapotezalo wengi. Mwaka wa kwanza usitazamie asali nyingi. Ukipata debe moja katika mizinga yako michache, mshukuru Mungu; na ukikosa kabisa, lakini nyuki wamo ndani, ujue kwamba hukushindwa. Kazi ya mwaka wa kwanza si kurina asali, ni kuwafanya nyuki wakae. Twaijua mizinga iliyokuwa na nyuki wengi katika mwaka wa kwanza, na katika mwaka wa pili ikawa nyumba ya mijusi, wala si kwa ukame wala kwa wadudu, bali mwenyewe aliwafukuza nyuki kwa haraka yake.

Haraka hiyo ina historia katika nchi hii. Katika miaka ya 1930, ugonjwa wa malale ulipoenea, Serikali ya Kiingereza iliwakusanya watu wa sehemu nyingi za Uha katika makazi makubwa, ili waondoke katika misitu yenye mbung'o. Katika miaka ya 1970 watu wakakusanywa tena, safari hii katika vijiji vya Ujamaa. Mara zote mbili watu walihama na misitu ikabaki mbali. Twadhani hiyo ni sababu moja iliyozidisha desturi ya kwenda mwituni mara moja au mbili tu kwa mwaka, na mienge ya moto na madebe, kurina kila kilichomo mzingani, na kurudi nyumbani. Hatuwalaumu watu hao. Mtu aliyetembea siku mbili, naye ajua kwamba sega atakaloliacha huenda likachukuliwa na mwingine, atawezaje kuliacha? Lakini desturi hiyo humfanya mtu awaone nyuki kama mnyama wa kuwindwa, asiwaone kama ng'ombe wa zizini. Kijana aanzaye leo, ambaye mzinga wake u karibu naye, hana udhuru wa kufanya vivyo hivyo.

Sasa habari ya mzinga wenyewe. Mizinga ya kienyeji ni ya namna mbili: mzinga wa gogo lililochongwa likatobolewa ndani, na mzinga wa gome. Mzinga wa gome ni mwepesi, hauna gharama, na fundi hodari huumaliza upesi. Lakini na tufikiri. Ili kulipata gome lile, mti wa miyombo ulio hai huvuliwa gome pande zote, kama mtu avuliwavyo kanzu, na mti uliovuliwa hivyo hufa, maana chakula kitengenezwacho na majani hushuka mizizini kwa njia ya gome. Na mti huo ndio uliokuwa ukiwapa nyuki maua. Basi mtu huyu amewajengea nyuki nyumba kwa kuliharibu shamba lao. Tena gome halidumu. Baada ya miaka michache hupasuka au huliwa na mchwa, ndipo mti mwingine huvuliwa. Mtu mwenye mizinga mingi ya magome huenda katika maisha yake akaua miti kwa makumi, naye asihesabu hata mmoja kuwa ni hasara. Twawaomba wakubwa wa vijiji walitazame jambo hili kwa macho mawili. Mzinga wa gogo ni mzito, lakini hudumu zaidi, na gogo laweza kupatikana katika mti ulioanguka wenyewe au uliokwisha katwa kwa ajili ya shamba.

Namna ya tatu ni mzinga wa mbao wenye vijiti vya juu, ambao umeenea sana Afrika ya Mashariki tangu miaka ya 1970. Ni kama sanduku refu, pana juu na jembamba chini, na juu yake hupangwa vijiti vilivyolingana, kila kimoja upana wake inchi 1 na robo, yaani milimita 32. Kipimo hiki si cha kubahatisha. Nyuki wetu ni wadogo kidogo kuliko wale wa Ulaya, na nafasi waipendayo, tangu katikati ya sega moja hata katikati ya sega la pili, ndiyo hiyo. Seremala akizidisha au akipunguza, nyuki huunganisha masega kupita kijiti kimoja hata kingine, na hapo faida yote ya mzinga huo imepotea, kwa sababu huwezi kuinua kijiti kimoja bila kuvunja vya jirani. Tumeona mizinga iliyogharimu fedha nyingi, ikapakwa na rangi nzuri, ambayo vijiti vyake vilikatwa kwa kukisia kwa macho. Mzinga wa namna hiyo ni sanduku tu. Mwenye kuanza asione haya kuanza na magogo mawili na sanduku moja, apate kulinganisha.

Mizinga itundikwe mwezi wa Agosti au mwanzo wa Septemba. Katika misitu ya miyombo yako majira mawili makubwa ya maua. Ya kwanza ni ya ule mti ambao jirani zetu Wanyamwezi huuita mtundu, nao huchanua mwisho wa kiangazi, kabla ya mvua. Ya pili ni ya muba, uchanuao mvua zinapoelekea kwisha, tangu Februari au Machi hata Mei. Katikati ya majira hayo mvua huwa nyingi, nyuki hawatoki sana, na akiba yao huliwa. Aishikaye kalenda hii ameelewa nusu ya kazi. Nyuki waingiao mzingani Septemba au Oktoba hujenga masega, hulea majana, huvumilia Desemba na Januari, kisha hukusanya asali ya muba. Na asali hiyo ndiyo irinwayo Juni. Miti haichanui siku moja kila mahali, wala miaka haifanani, kwa hiyo mwenye mzinga atazame miti yake mwenyewe kuliko kutazama karatasi hii.

Mahali pa kuweka mizinga, ambapo wafugaji huita manzuki, pawe mbali na nyumba, njia, shule na mazizi. Hatua 300 si nyingi. Twasema hivi kwa kuwa nyuki wetu ni wakali kuliko nyuki wengi wa duniani, na mbuzi aliyefungwa kamba karibu na mzinga hana pa kukimbilia. Pawe na kivuli, na maji yasiwe mbali. Mashamba ya tumbaku au pamba yanyunyizwayo dawa ya wadudu yaepukwe, maana dawa haichagui kati ya mdudu mbaya na nyuki. Mzinga utundikwe kwa waya, uning'inie kiasi cha kifua cha mtu, usiguse shina wala tawi, na waya upakwe grisi, ili siafu wasipate njia na nyegere asipate pa kusimama. Nyegere ni mnyama mdogo, lakini mzinga ulio chini ya mti au ulioegemezwa panda huufungua kwa usiku mmoja. Majani ya chini yafyekwe na ardhi ipaliliwe kuuzunguka, kwa ajili ya moto wa kiangazi.

Kabla ya kuutundika, uusugue mzinga kwa ndani na nta safi iliyopashwa moto kidogo, hasa juu, mahali ambapo masega yataanzia. Wengine husugua pia majani ya mchaichai, na jambo hili si ushirikina: harufu ya mchaichai yafanana na ile ambayo nyuki wenyewe huitoa wanapoitana kuingia nyumbani. Kisha ungoje. Bumba la nyuki likipita na kupendezwa, litaingia. Lisipopita, hapana dawa ya kuliita. Kati ya mizinga mitatu, mmoja ukiingiwa mwaka huo, hayo si mabaya.

Hapa ndipo kazi ngumu huanza, nayo ni kazi ya kutofanya neno. Bumba liingialo ni malkia mmoja pamoja na maelfu ya watenda kazi. (Wazee wetu wengi humwita mfalme, na hata Wazungu walimwita hivyo kwa karne nyingi, mpaka Mwingereza Charles Butler alipotangaza katika kitabu chake cha mwaka 1609 kwamba ni jike.) Hawana sega hata moja. Lazima kwanza watoe nta katika miili yao na kujenga, ndipo malkia atage mayai. Na tangu yai hata nyuki mtenda kazi kutoka ni siku kama 20. Hesabu basi. Katika wiki tatu za kwanza hapana nyuki mpya azaliwaye, na wale wa zamani wanakufa mmoja mmoja kwa kazi, kwa maana mtenda kazi wakati wa kazi nyingi haishi zaidi ya wiki tano au sita. Kundi lapungua kabla ya kuongezeka. Nyuki walio katika hali hiyo wakifunguliwa, wakatiwa moshi, wakavunjiwa sega moja jeupe ili mwenye mzinga aonje tu, waona kwamba nyumba haina amani, nao huondoka. Nyuki wa Ulaya huvumilia mengi kwa sababu baridi ya kwao huwaua wasio na nyumba. Wa kwetu hawana hofu hiyo. Mti wowote wenye tundu ni nyumba kwao.

Sisi wenyewe tulilipata fundisho hili kwa gharama. Mzinga wetu wa kwanza uliingiwa Oktoba, na kufika katikati ya Desemba ulikuwa mzito, tena ukivuma vizuri. Sikukuu ilikuwa karibu na wageni walitazamiwa. Tukaufungua mchana, jua likiwa kali, tukiwa na mwenge wa majani makavu. Tulichotoa kilikuwa masega manne. Matatu kati yake yalijaa majana, na la nne lilikuwa na asali nyepesi kama maji, ambayo baada ya siku chache ilianza kutoa povu katika chupa. Siku ya tatu tulipokwenda kuutazama mzinga, palikuwa na nyuki wachache waliokufa chini, na kimya. Mzee mmoja jirani alipoona alicheka, akatuuliza kama tulikuwa na desturi ya kumchinja ng'ombe mwenye mimba ili tunywe maziwa ya ndama. Hatukuwa na jibu.

Je, mwenye mzinga asiufungue kabisa, atajuaje hali yake? Ajifunze kusoma mlango. Aende mara moja kwa wiki, asubuhi, asimame ubavuni, wala si mbele ya mlango, akae robo saa. Akiona nyuki wanarudi na unga wa maua wa manjano au mweupe miguuni, ajue malkia anataga, maana unga huo ni chakula cha majana. Akiona wanaingia na kutoka kwa shughuli, bila kubeba unga kwa siku nyingi, aanze kushuku. Akiona mlolongo wa siafu au sisimizi, apake grisi tena. Akiona mlangoni vipande vya nta vilivyotafunwa na nyuzi kama za buibui, basi nondo wa nta ameingia, na aghalabu ni alama kwamba nyuki ni wachache mno wasiweze kulinda masega yao. Auinue mzinga kidogo kwa mkono mmoja kuupima uzito. Mwalimu atakayewapeleka wanafunzi wawili wawili kufanya hivi, wakaandika katika daftari siku, mvua, maua yaliyochanua na rangi ya unga ule, baada ya mwaka mmoja atakuwa na kitabu cha manufaa kwa kijiji chake kuliko makala yetu.

Ikifika Juni, na mzinga ni mzito, ndipo kurina. Jambo hili lahitaji watu wawili, nguo nene zenye rangi nyeupe au hafifu, mabuti, glovu, na wavu wa kufunika uso. Wakati mwema ni jioni, jua likitua, ili nyuki watakaokasirika wapate usiku wa kutulia. Mwenge usitumike. Moto huunguza mabawa ya nyuki, waweza kumuua malkia, huitia asali ladha ya majivu, na mienge itupwayo chini mwezi wa kiangazi imeteketeza misitu mingi. Litumike bomba la moshi, ndani yake mkiwa na magunzi makavu, samadi kavu ya ng'ombe, au randa za mbao. Moshi uwe wa baridi na mwingi wa kadiri. Kazi yake si kuwaadhibu nyuki. Wauonapo moshi hudhani moto waja, hujaza matumbo asali tayari kuondoka, na nyuki aliyeshiba hapendi kuuma. Tena moshi hufunika ile harufu ambayo nyuki mmoja aumapo huwaita wenzake kwa vita. Harufu hiyo ni kama ya ndizi mbivu. Ukiisikia karibu nawe wala hapana ndizi, funga mzinga, uondoke polepole.

Katika mzinga wa gogo, ufungue upande wa nyuma, ulio mbali na mlango, maana majana huwa karibu na mlango na asali hukaa nyuma. Katika sanduku, anza na vijiti vya mwisho. Chukua tu sega ambalo nyuki wamelifunika kwa nta nyeupe karibu lote. Kifuniko hicho ndicho hati ya nyuki kwamba asali imeiva, yaani wamekwisha kupunguza maji yake. Asali yenye maji kupita sehemu 20 katika 100 huchacha, na mnunuzi aliyeuziwa asali ya namna hiyo harudi, wala hamtaji mwenye kosa, bali husema asali ya Kibondo ni mbaya. Sega lenye majana usiliguse, hata kama pembeni lina asali. Katika kijiti acha nta upana wa kidole, nyuki wapate pa kuanzia tena. Na mwaka wa kwanza uwaachie nyuki zaidi ya nusu ya asali waliyo nayo. Tunajua neno hili litachekwa. Lakini tangu Julai hata mtundu uchanue, maua ni machache, nao watakula nini?

Ukiumwa, utoe mwiba mara moja. Zamani tulifundishwa kuukwangua kwa ukucha tu bila kuubana. Siku hizi yajulikana kwamba namna ya kuutoa si kitu sana, upesi ndio kitu, kwa sababu kifuko cha sumu huendelea kusukuma sumu baada ya nyuki kwenda zake. Uvimbe wa mahali palipoumwa si hatari. Lakini mtu aliyeumwa akianza kuvimba midomo au koo, kutoka vipele mwili mzima, kupumua kwa shida au kuzimia, apelekwe zahanati au hospitali pale pale, hata kama ameumwa na nyuki mmoja tu. Na mtu huyo asiende tena mzingani. Aliyeshambuliwa na nyuki wengi naye apelekwe, ijapokuwa asema yu mzima.

Nyumbani, masega yakatwe na kuachwa yachuje wenyewe kwa kitambaa safi katika chombo kikavu chenye mfuniko. Wenye kuyakamua kwa mikono, pamoja na majana na nyuki waliokufa, hupata asali nyingi zaidi kwa kipimo na kidogo zaidi kwa bei. Isichemshwe. Wala isipimwe kama maji: ndoo ya lita 20 iliyojaa asali ina uzito wa kilo kama 28, na muuzaji asiyejua hivyo, akiuza kwa lita kwa mtu anunuaye kwa kilo, humpa mwenzake kilo nane bure.

Makapi yasitupwe. Nta ya nchi hii ilikuwa ikipelekwa Ulaya tangu zamani za Wadachi, na wako hata leo watupao makapi shimoni baada ya kupika pombe. Makapi yatiwe katika gunia, gunia lizamishwe kwa jiwe katika sufuria ya maji, na maji yapashwe moto bila kuchemka kwa nguvu; nta itayeyuka na kupanda juu, ikipoa itaganda kama sahani. Kipande kidogo kiwekwe kwa kupakia mizinga mipya mwezi wa Agosti.

Atakaye kuweka mizinga katika msitu wa hifadhi aombe ruhusa kwanza. Sheria ya Ufugaji Nyuki ni ya mwaka 2002, na Afisa Nyuki wa Wilaya ndiye wa kuulizwa habari zake, pamoja na habari za mbao na vipimo vya vijiti. Vijana watakao kujifunza zaidi ya hapo, Chuo cha Ufugaji Nyuki kiko Tabora.